Kupima unyevu wa ukuta wa mawe kwa umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye nyumba ya zamani ya mawe, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mombasa. Wa fundi anayeitwa kuangalia ukuta unaotoa unga mweupe. Na wa mwanafunzi aliyepewa mradi wa kupima kitu chenye vitundu na maji ndani yake. Mfano wetu ni ukuta wa matumbawe na chokaa. Mengi ya yanayosemwa hapa yanafaa pia kwa zege, tofali la kuchoma na udongo wa shamba, ila namba hubadilika.

Nimenunua kimashine cha sindano mbili. Nimekichoma ukutani, kikaandika 28%. Ina maana ukuta wangu una maji asilimia 28?

Hapana. Vimashine vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Ndani yake kuna jedwali linalogeuza ukinzani wa umeme kuwa asilimia ya maji katika ubao, na jedwali hilo halijui jiwe wala chokaa. Ukikichoma ukutani kinakuambia tu kwamba ubao wenye ukinzani kama huo ungekuwa na maji asilimia 28. Lakini ukuta si ubao.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme jiwe lako lina vitundu asilimia 30 ya ujazo wake, na vyote vimejaa maji pomoni. Mita moja ya ujazo ya jiwe hilo inabeba kilo 300 za maji. Sehemu ngumu ni kalsiti, madini yanayounda mawe ya chokaa, ambayo uzito wake ni kama kilo 2,710 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo asilimia 70 iliyobaki ina kilo 1,900 hivi. Gawanya 300 kwa 1,900: unapata asilimia 16 ya uzito mkavu. Jiwe hilo halifiki 28 hata ulitumbukize kisimani mwezi mzima.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mwenye nyumba, kwa kujiamini kabisa, kwamba ukuta wake wa ndani umelowa, kwa kuwa kimashine kilipiga kelele. Akabandua lipu yote, akapiga mpya. Baada ya miezi michache kimashine kikapiga kelele palepale. Ilikuwa chumvi. Gharama ikawa yake, aibu ikawa yangu, na sehemu kubwa ya majibu yafuatayo imetokana na aibu hiyo.

Usikitupe kimashine, lakini. Kinafaa kulinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine, au sehemu ileile leo na mwezi ujao. Andika namba, ila ifute alama ya asilimia kichwani mwako.

Basi kinapimwa nini hasa? Impedansi ni kitu gani?

Ukuta mkavu kabisa haupitishi umeme. Jiwe halipitishi, hewa haipitishi, na maji safi yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake karibu hayapitishi pia. Kinachobeba umeme ukutani ni ioni, yaani vipande vya chumvi vyenye chaji vilivyoyeyuka katika maji ya vitunduni. Ukiweka volteji, ioni zinatembea, zikipita katika vijia vyembamba vyenye kona nyingi. Ugumu wa safari hiyo ndio ukinzani.

Kuna jambo la pili. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, nayo hugeuka kufuata volteji. Kwenye mipaka kati ya sehemu iliyolowa na iliyo kavu, chaji hujikusanya kama abiria kwenye kivuko kisicho na boti. Kwa hiyo ukuta, mbali na kupitisha umeme, pia unauhifadhi kwa muda mfupi kama kapasita. Ukitumia mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, mambo haya mawili hutokea pamoja. Jumla ya uzuiaji huo ndiyo impedansi, jina alilolibuni Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886.

Kwa sababu hiyo impedansi haielezwi kwa namba moja. Zinahitajika mbili: ukubwa wake, na kiasi mkondo unavyotangulia volteji. Kifaa kinachokupa namba moja tu kimeshakuamulia nini cha kutupa.

Kupima ukuta wa matumbawe kuna ugumu gani kuliko kupima zege la kawaida?

Ni mchanganyiko wa mchanganyiko. Waashi wa zamani walipanga vipande vya mwamba wa matumbawe vya ukubwa mbalimbali, wakavishika kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu au mchanga, wakatomea mapengo kwa vijiwe, kisha wakapiga lipu ya chokaa juu. Boriti za mikoko zikaingizwa ukutani kubeba dari. Halafu tukaja sisi wa siku hizi na viraka vya saruji, mabomba, nyaya na rangi ya plastiki.

Kila kimoja kina tabia yake mbele ya umeme. Jiwe la matumbawe lina vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho, lakini kati ya kitundu na kitundu njia inaweza kuwa nyembamba mno. Chokaa ina vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Udongo mwekundu una mfinyanzi, na chembe za mfinyanzi zina chaji juu ya ngozi yake. Zinapitisha umeme hata kama maji yaliyopo hayana chumvi nyingi. Saruji ina maji yake ya vitunduni yenye alkali kali, nayo hupitisha vizuri.

Sasa fikiria ukuta huu unavyokauka. Vitundu vikubwa huachwa na maji kwanza. Mwanzoni ukinzani hupanda polepole, kwa kuwa maji bado yameshikana kutoka tundu moja hadi jingine. Kisha inafika hatua maji hukatika, kila tone likabaki kisiwani kwake. Hapo ukinzani hupaa ghafla, mara kumi au mara mia, ingawa kiasi cha maji kilichopotea katika hatua hiyo ni kidogo. Njia ya maji ina uzito kuliko wingi wa maji. Mtu asiyelijua hili akiona namba imeruka, atadhani ukuta umekauka kwa usiku mmoja.

Chumvi inaharibuje kipimo?

Inaharibu vibaya, na pwani chumvi iko kila mahali: katika jiwe lenyewe lililotoka baharini, katika upepo, katika maji yanayopanda kutoka msingini, na wakati mwingine katika mchanga wa ufukweni ambao fundi aliutumia kupunguza gharama.

Mwaka 1942 Gus Archie, mhandisi wa mafuta wa Marekani, alitoa kanuni ambayo wapimaji wa miamba wanaitumia hadi leo. Kwa lugha nyepesi: ukinzani maalumu wa mwamba (ukinzani wa kitu chenyewe bila kujali ukubwa wa kipande, unaopimwa kwa omu-mita) ni ukinzani maalumu wa maji yaliyomo, ugawanywe kwa sehemu ya vitundu iliyopandishwa kipeo fulani, ugawanywe tena kwa sehemu ya vitundu iliyojaa maji, nayo ikiwa na kipeo chake. Vipeo vyote viwili mara nyingi huwa karibu na 2 kwa mawe yaliyoshikamana.

Tuseme ukuta wa kwanza una vitundu 0.3, vyote vimejaa maji ya chumvi kidogo yenye ukinzani maalumu wa omu-mita 1. Unapata omu-mita 11. Ukuta wa pili una vitundu vilevile, vimejaa nusu tu, lakini maji yake yana chumvi kama ya bahari, ambayo ni omu-mita 0.2. Unapata karibu omu-mita 9. Kwa mashine, ukuta uliojaa nusu umelowa kuliko uliojaa pomoni! Hakuna hitilafu ya kifaa hapo. Kifaa kimesema kweli. Swali ndilo lililokosewa.

Kanuni ya Archie haikuzingatia mfinyanzi, kwa hiyo palipo na udongo mwekundu mwingi ichukulie kama makadirio.

Balaa la pili la chumvi ni kwamba inaita maji. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na hewa ya visiwani huvuka kiwango hicho mara nyingi, hasa usiku. Umeshaona kibakuli cha chumvi jikoni kikitota bila mtu kukimwagia maji. Ukuta wenye chumvi hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo mtu anatafuta bomba lililopasuka kwa wiki mbili, kumbe maji yanatoka hewani.

Nina maltimita ya fundi umeme. Siwezi kuweka ncha mbili ukutani nikasoma omu?

Unaweza kusoma, ila usiamini. Maltimita hutumia umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja tu. Ioni zikifika kwenye elektrodi, yaani ncha ya chuma inayogusa ukuta, haziwezi kuingia kwenye waya kama elektroni. Zinarundikana mlangoni na kuzuia wenzao. Ukishikilia ncha hizo utaiona namba ikipanda taratibu, na ukigeuza nyaya inaanza upya kutoka mahali pengine. Unapima mlango badala ya kupima nyumba.

Mjerumani Friedrich Kohlrausch alilitatua hili kwa vimiminika katika karne ya 19: alitumia mkondo geu, ili ioni zisipate muda wa kurundikana. Kutambua kwamba daraja lake la umeme, yaani saketi ya kulinganisha ukinzani, limesawazika, alisikiliza kwa kipokezi cha simu, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kipya; mlio ukipotea, amepata. Ninapenda habari hii kila ninaposikia mtu akisema hawezi kuanza kwa sababu hana kifaa cha bei kubwa.

Nitumie masafa gani?

Masafa ni idadi ya mizunguko ya mkondo geu kwa sekunde: Hz 1 ni mzunguko mmoja, kHz ni elfu, MHz ni milioni. Inategemea unatafuta nini, na hapa watu wengi huchagua kwa kuangalia kitufe kilichopo kwenye kifaa chao.

Masafa ya chini sana, tuseme chini ya Hz 100, yanaonyesha zaidi yanayotokea kwenye ngozi ya elektrodi na kwenye mipaka ya tabaka. Kati ya kHz 1 na kHz 100 mara nyingi ndipo safari ya ioni kwenye vitundu inapoonekana safi zaidi. Epuka Hz 50 na mafungu yake, 100 na 150: umeme wa nyumbani kwetu ni wa Hz 50 na nyaya zilizofukiwa ukutani zitaingilia kipimo chako.

Kama unataka kuyapata maji yenyewe bila chumvi, itakubidi upande juu zaidi. Sababu ni hii. Uwezo wa maji wa kushika chaji ni kama mara 80 ya ule wa hewa, wakati madini ya mawe yako kati ya 4 na 9. Jiwe la kalsiti lenye vitundu 0.3 litakuwa na kama 5.5 likiwa kavu, 12 likijaa nusu, na 22 likijaa lote. Tofauti ni kubwa na chumvi haiibadilishi sana. Lakini ili uione, lazima hifadhi ya chaji iushinde mtiririko wa ioni. Kwenye ukuta mkavu wa omu-mita 10,000, mambo hayo mawili hulingana karibu na kHz 300. Kwenye ukuta wa chumvi wa omu-mita 10 hulingana kwenye makumi ya MHz. Chini ya hapo ioni ndizo zinazotawala, hata kama kifaa chako kimeandikwa kwamba kinapima kapasitansi, yaani hiyo hifadhi ya chaji.

Ndiyo maana vimashine vya kubandika visivyo na sindano, ambavyo huuzwa kwa maneno kwamba havidanganywi na chumvi, hudanganywa. Vile vya wataalamu wa udongo, vinavyotuma pigo fupi la umeme kwenye fimbo na kupima muda wa kurudi, hufanya kazi kwa mamia ya MHz. Mlinganyo wao maarufu ulitolewa na Topp na wenzake Kanada mwaka 1980. Ni vizuri, lakini fimbo zake zimetengenezwa kwa udongo, na kuziingiza kwenye jiwe ni kazi ya drili na uvumilivu.

Ukipata kifaa kinachopita masafa mengi kwa mpigo, pima yote uchore mchoro. Mara nyingi utaona upinde upande wa masafa ya juu, ambao ni ukuta, na mkia upande wa chini, ambao ni elektrodi. Mahali viwili hivyo vinapokutana ndipo pa kusoma ukinzani wa ukuta.

Elektrodi mbili au nne?

Nne, kama unaweza. Mbili za nje zinapeleka mkondo, mbili za ndani zinasoma volteji bila kupitisha mkondo wa maana. Kwa hiyo ubovu wa mgusano kati ya chuma na ukuta hauingii sana kwenye jibu. Mpango unaotumika zaidi ni wa Frank Wenner wa Marekani, wa mwaka 1915: elektrodi nne kwenye mstari mmoja, umbali sawa kati ya kila mbili. Chukua volteji ugawanye kwa mkondo, kisha zidisha kwa 6.28 na kwa umbali huo. Ukipata omu 1,000 kwa umbali wa sentimita 5, ukinzani maalumu ni omu-mita 314.

Umbali huo ndio unaoamua unaona nini. Kwa makadirio, kina unachokisikia ni kama nusu ya umbali kati ya elektrodi. Kwa sentimita 5 unasikia lipu na si zaidi. Ukiongeza hadi 20 unaanza kusikia mawe. Na kama umbali ni mdogo kuliko jiwe moja, kila kipimo kitakuwa habari ya jiwe hilo au ya chokaa pembeni yake. Utapata namba zinazorukaruka kama panzi na utadhani kifaa kimeharibika. Pima kwa umbali tatu au nne tofauti mahali palepale. Namba ikishuka kadiri unavyoongeza umbali, unyevu au chumvi iko ndani. Ikipanda, iko juu juu.

Kaa mbali na kona, madirisha na kingo, angalau mara mbili ya umbali wa elektrodi, maana kanuni ya Wenner hudhani ukuta hauna mwisho. Pia jihadhari na chuma. Ukuta wa asili hauna nondo, lakini linta iliyowekwa baadaye inayo, na nondo hunywa mkondo wote.

Elektrodi zishikeje kwenye lipu inayomomonyoka?

Kwa kipimo cha mara moja, sponji iliyolowa kidogo chini ya ncha inatosha. Kidogo! Ukimwaga maji utakuwa unapima maji yako. Kwa ufuatiliaji wa miezi, skrubu fupi za chuma kisichoshika kutu, zilizoingizwa kwenye vitundu vidogo vya drili na kushikwa kwa chokaa iliyopondwa, hukaa vizuri. Usitumie misumari ya kawaida. Ikishika kutu, unaanza kupima kutu.

Nitageuzaje omu kuwa kiasi cha maji?

Hakuna jedwali la kununua. Utalitengeneza mwenyewe kwa jiwe lako na chokaa yako, na ni kazi ya wiki kadhaa.

Pata vipande vilivyokwisha anguka au vilivyotolewa wakati wa ukarabati, vya jiwe na vya chokaa kando kando. Vikate viwe na pande mbili bapa. Vikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito uache kupungua, uandike uzito mkavu. Kama kuna jasi, mathalani lipu ya kisasa ya dari, usivuke nyuzi 40 hadi 50, kwa sababu jasi hupoteza maji yaliyo sehemu ya fuwele yake na utayahesabu kama unyevu. Kisha vilowe hadi vijae. Yatoe maji taratibu, siku baada ya siku, na kila mara pima uzito na impedansi pamoja. Funga kipande kwenye mfuko wa plastiki usiku mzima kabla ya kupima, ili maji yasambae sawasawa. Kipande kilichokauka nje na kulowa ndani kitakupa jibu lisilo la kipande chochote.

Halafu fanya yote tena kwa maji ya chumvi. Hapa ndipo wengi wanapochoka, na hapa ndipo faida ilipo. Utapata mistari miwili au mitatu tofauti kwenye mchoro, na umbali kati ya mistari hiyo ndio ukubwa wa kutokujua kwako ukiwa mbele ya ukuta halisi. Ukitaka kupunguza kutokujua huko, kwangua unga kutoka vina tofauti vya ukuta, uuloweke kwenye kiasi maalumu cha maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, upime jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme. Hilo linakupa picha ya chumvi peke yake. Unga huohuo ukipimwa uzito kabla na baada ya oveni unakupa maji peke yake. Sitakuficha: kwa nyumba moja ya kawaida, drili, mizani nzuri na oveni vinajibu swali vizuri kuliko kifaa chochote cha umeme. Umeme unashinda pale unapotaka kufuatilia mahali palepale kwa mwaka mzima bila kutoboa tena.

Joto lina athari?

Ndiyo. Ioni hukimbia zaidi maji yakipata joto, na ukinzani hushuka kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Ukuta wa nje uliopigwa na jua la saa nane mchana unaweza kutofautiana na wenyewe wa alfajiri kwa asilimia 20, bila tone la maji kuongezeka. Andika joto la ukuta kila unapopima.

Nipime lini, na mara ngapi?

Kipimo kimoja hakina thamani. Chora ukuta kwa chaki, miraba ya sentimita 25 au 30 kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, na pima kila mraba. Rudia angalau mara mbili katika mwaka: mwishoni mwa masika, karibu na mwezi Mei au Juni, na tena kabla ya vuli, karibu Septemba. Ukiweza kila mwezi, bora zaidi.

Umbo la ramani linazungumza kuliko namba. Unyevu unaopanda kutoka msingini huonekana kama mkanda chini, na juu yake mstari wa chumvi ambako maji yalifika yakakauka yakaacha mzigo. Mstari huo mara nyingi ndio unaoonyesha ukinzani mdogo zaidi, na mtu anayeharakisha atasema hapo ndipo palipolowa zaidi. Maji ya paa au bomba hutengeneza doa lenye kitovu. Chumvi inayoita maji ya hewa haina umbo la chanzo, na hupanda na kushuka kufuatana na hewa badala ya mvua. Sehemu zilizobadilika kati ya masika na kiangazi ndizo zinazopata maji mapya. Zisizobadilika pengine ni chumvi iliyokaa.

Inawezekana kupata picha ya ndani ya ukuta, kama ya hospitali?

Inawezekana kwa kiasi. Unapanga elektrodi nyingi, unapitisha mkondo kwa mbili mbili huku ukisoma volteji kwa nyingine zote, kisha kompyuta inatafuta mpangilio wa ukinzani unaoweza kuleta namba hizo. Swali la kihisabati, kama vipimo vya nje vinatosha kujua yaliyo ndani, liliwekwa kwenye makala ya mwaka 1980 na Alberto Calderón wa Argentina, ambaye alianza kulifikiria alipokuwa mhandisi kijana katika kampuni ya mafuta ya nchi yake.

Jibu fupi ni kwamba mipangilio mingi tofauti ndani huleta namba zinazokaribiana nje, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuchagua, na kwa kawaida huchagua iliyo laini. Picha itakuonyesha wingu la unyevu. Haitakuonyesha ufa. Rangi zake nzuri huwavutia wafadhili kuliko zinavyostahili.

Mashine inaweza kuniambia kama nyumba yangu itaanguka?

Haiwezi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe wa Unguja, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wengi walianza kuuliza swali hili, na ni swali la haki. Lakini impedansi haipimi nguvu. Inaweza kukuonyesha kwamba kichwa cha boriti kimekaa ndani ya ukuta uliolowa mwaka mzima, na hapo una sababu ya kufungua na kukagua kabla ya mchwa na ukungu kumaliza kazi. Nyufa zinazopanuka, ukuta uliotoka tumbo na dari iliyoinama huhitaji mhandisi wa majengo leo, wala usisubiri kipimo.

Ni hatari kwangu?

Kifaa chenyewe hapana. Volteji yake mara nyingi ni ndogo, na ni vizuri ikae hivyo ili isibadili kinachopimwa. Hatari ni nyaya kongwe ndani ya ukuta uliolowa. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kutoboa, na hakikisha kwa testa.

Nahitaji ruhusa kutoboa?

Ndani ya eneo la hifadhi, kama Mji Mkongwe wa Unguja uliomo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000 au mji wa kale wa Lamu tangu 2001, zungumza kwanza na mamlaka ya hifadhi ya mahali hapo, hata kwa vitundu vya milimita 6. Peleka mchoro wa ukuta, idadi ya vitundu na maelezo kwamba utavijaza kwa chokaa, si saruji. Elektrodi za sponji hazitoboi kitu, ndiyo maana mimi huanza nazo. Wakati mwingine ramani ya kwanza inatosha kuonyesha kwamba hakuna haja ya drili.